Je, Wajua? Ligi ya Barafu na Shaba

Je, wajua kwamba ligi ya kwanza ya hoki ya barafu ambayo timu zake zote zililipa wachezaji waziwazi haikuanzia Kanada? Kanada ndiko nyumbani kwa mchezo huo, na mabishano yake huko hayaishi, kama yetu ya Simba na Yanga. Lakini ligi hiyo ilizaliwa ng'ambo ya mpaka, Marekani, mwaka 1904, na chimbuko lake lilikuwa miji midogo ya machimbo ya shaba karibu na Ziwa Superior. Iliitwa Ligi ya Kimataifa ya Hoki ya Kulipwa. Ilicheza misimu mitatu, ikafa mwaka 1907, jina likiwa refu kuliko umri.

Neno "kimataifa" lisikutishe. Timu zilikuwa tano. Portage Lakes ya mji wa Houghton na ile ya Calumet zilikuwa majirani wa kilomita 19 hivi, zote mbili katika rasi inayochomoza ndani ya Ziwa Superior, kaskazini kabisa mwa jimbo la Michigan. Ya tatu ilitoka Pittsburgh, jiji la viwanda vya chuma, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Houghton. Mbili zilizobaki zilitoka katika miji miwili yenye jina moja: Sault Ste. Marie ya Michigan na Sault Ste. Marie ya Ontario, Kanada, iliyokaa ikitazamana, huu ng'ambo hii na huu ng'ambo ile ya mto St. Marys. Wenyeji hulikata jina hilo wakasema "Soo" tu, kwa hiyo kukawa na Soo ya Marekani na Soo ya Kanada. Umataifa wote wa ligi ulikuwa upana wa mto huo.

Kwa aliyezoea magongo ya kwenye nyasi: huku hakuna mpira wa duara. Kinachogombewa ni kisahani cheusi cha mpira mgumu, kinateleza juu ya barafu, na wachezaji huvaa viatu vyenye makali ya chuma kwenye soli. Siku hizi kila upande huwa na watu sita uwanjani. Enzi zile walikuwa saba, na wa saba aliitwa mzururaji kwa sababu hakuwa na kituo maalumu: mara yuko mbele anashambulia, mara yuko nyuma anaziba pengo. Mechi ilikuwa na vipindi viwili vya dakika 30, na walioianza ndio waliotarajiwa kuimaliza. Kumpasia mwenzako aliye mbele yako ilikuwa kosa, kama ilivyo katika raga. Kipa naye alikatazwa kujilaza kwenye barafu ili kuokoa. Kazi yake aliifanya wima.

Je, wajua kwamba aliyeianzisha ligi hiyo alikuwa daktari wa meno? Mchezo huu unafahamika popote unapochezwa kwa kuwapokonya wachezaji meno yao ya mbele, kwa hiyo msomaji ana haki ya kudhani natania. Sitanii. John Gibson, maarufu kama "Doc", alizaliwa mwaka 1879 katika mji wa Berlin, Ontario, akasomea meno Detroit, na mwenyewe alikuwa mchezaji hodari.

Kisa chake kinaanza na sarafu. Mwaka 1898 timu ya Berlin iliifunga Waterloo, watani wao wa mji wa jirani, na meya kwa furaha akampa kila mchezaji sarafu ya dhahabu ya dola 10. Inasimuliwa kwamba vijana walikusudia kuzining'iniza kwenye minyororo ya saa zao ziwe kumbukumbu. Chama cha Hoki cha Ontario hakikutaka kusikia habari za minyororo. Kwa kanuni zake, aliyepokea dola 10 baada ya mechi amelipwa, na aliyelipwa si mchezaji wa ridhaa. Timu nzima ikafukuzwa.

(Berlin hiyo usiitafute kwenye ramani ya leo. Mwaka 1916, Kanada ikiwa vitani dhidi ya Ujerumani, wenyeji walibadili jina na kuuita mji Kitchener, kwa heshima ya Lord Kitchener wa Uingereza aliyekufa maji mwezi Juni mwaka huohuo meli yake ilipozama. Watu wa Mwambao wana deni lao na bwana huyo: ndiye afisa aliyeiwakilisha Uingereza katika tume ya 1885–86 iliyopita pwani yetu kuamua ardhi ya Sultani wa Zanzibar inaishia wapi. Kilichotoka huko ni ule ukanda wa maili kumi.)

Gibson alivuka mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 akafungua kliniki ya meno Houghton. Mji ulikuwa na wakazi elfu tatu na ushei. Ungemuuliza mtu mwenye busara mahali pa kuanzishia ligi ya kulipwa, asingekutajia hapo. Hata jina Portage, lililo katika ziwa linalopita mjini, ni kumbukumbu ya taabu: ni neno la Kifaransa lenye maana ya kubeba mtumbwi mabegani pale maji yanapokatika. Lakini Houghton ilikuwa na vitu viwili ambavyo hoki haiwezi kuishi bila yake, baridi na pesa.

Baridi kwanza. Rasi hiyo ya Keweenaw hupokea kwa wastani zaidi ya mita tano za theluji kwa mwaka, na katika majira ya baridi ya 1978–79 zilipimwa karibu mita kumi. Soma tena: mita kumi. Ni nyumba ya ghorofa tatu.

Pesa zilitoka ardhini. Shaba ya Keweenaw ilikuwa ya aina adimu, metali tupu iliyokaa mwambani bila kuchanganyika na kitu, kiasi kwamba wenyeji wa asili waliiokota na kuifua maelfu ya miaka kabla ya Mzungu kufika. Karne ya 19 ilipohitaji nyaya za simu na za umeme, rasi ikafurika watu: Wafini, Wakroeshia, Waitaliano, na Waingereza wa Cornwall waliokuja na ujuzi wa kuchimba. Kampuni kubwa kuliko zote, Calumet and Hecla, iliongozwa kwa miongo kadhaa na Alexander Agassiz, mwanasayansi wa viumbe wa baharini, ambaye faida za shaba zilimwezesha kuzunguka bahari za dunia akichunguza matumbawe na kuijenga makumbusho ya wanyama ya Harvard. Wachimbaji wake walipotoka shimoni jioni, usiku wa miezi sita ya baridi uliwasubiri bila la kufanya.

Tajiri mmoja wa Houghton, James R. Dee, aliliona pengo hilo. Mwaka 1902 uwanja wa barafu wa ndani ulifunguliwa pale kando ya maji, ukapewa jina la Kigiriki la kujitapa, Amphidrome. Gibson akaleta ujuzi, Dee akaleta mtaji, na kufikia msimu wa 1903–04 timu ya Portage Lakes ilikuwa inalipa kila mchezaji wake. Mwezi Machi 1904 Montreal Wanderers, moja ya timu kubwa za Kanada, walifika Houghton na kufungwa mara mbili. Baada ya hapo suala la kwamba vijiji vya migodi havijui hoki halikuzungumzwa tena kwa sauti kubwa.

Je, wajua mshahara ulikuwa kiasi gani? Kati ya dola 15 na 40 kwa wiki. Usicheke kabla ya kulinganisha. Wachimba shaba wa hapohapo walipogoma mwaka 1913, karibu miaka kumi baadaye, moja ya madai yao ilikuwa walipwe angalau dola 3 kwa siku. Kijana wa Kanada aliyelipwa dola 40 kwa wiki ili ateleze alikuwa akipata zaidi ya mara mbili ya kile ambacho mtu wa shimoni alikipigania kwa mgomo, na mtu huyohuyo wa shimoni ndiye aliyenunua tiketi ya kumtazama. Mastaa walikuwa na bei zao tofauti. Hod Stuart, beki kutoka Ottawa, alipewa dola 1,800 na Calumet ili awe nahodha na kiongozi wa timu, na msimu huohuo wa kwanza, 1904–05, Calumet ikatwaa ubingwa. Misimu miwili iliyofuata ilikuwa ya Portage Lakes. Soo ya Kanada, timu pekee iliyoipa ligi haki ya jina lake, haikuwahi kuwa bingwa.

Sasa, kwa nini vijana hao wasilipwe kwao? Hapa ndipo penye utamu, na nakiri mapema kwamba niko upande wa daktari wa meno.

Chama cha Ontario kiliongozwa kuanzia 1899 hadi 1905 na John Ross Robertson, mwenye gazeti la Evening Telegram la Toronto. Alikuwa tajiri na mkarimu. Hospitali ya watoto ya Toronto ilijengwa kwa sehemu kubwa kwa mkono wake. Lakini kwenye michezo alikuwa na imani moja isiyotikisika, kwamba mwanamume wa heshima hucheza kwa mapenzi, na anayechukua pesa ameunajisi mchezo. Ni imani nzuri kwa mwenye gazeti. Kwa fundi au karani anayekatwa mshahara kila akisafiri na timu, ni anasa. Na kila mtu alijua kilichoendelea chini ya meza: kijana anapata kazi isiyo na kazi katika kiwanda cha mdhamini, au anakuta noti ndani ya kiatu chake baada ya mechi. Walichokosea Houghton, machoni pa Toronto, ni kuiweka pesa juu ya meza.

Aliyeumizwa zaidi na ukali huo alikuja kuwa tunu kubwa kuliko zote za ligi. Fred Taylor, kijana wa mji mdogo wa Listowel, Ontario, alialikwa na klabu ya Toronto Marlboros. Akakataa. Katibu wa chama, William Hewitt, akahakikisha kwamba Taylor hatacheza popote Ontario, na msimu mzima wa 1904–05 kijana akakaa pembeni akiwatazama wenzake, miguu ikimwasha. Majira ya baridi yaliyofuata aliondoka Ontario, akapitia Manitoba, na mapema mwaka 1906 akapokea mwaliko wa Houghton: dola 400 pamoja na gharama zake, kumalizia msimu. Katika mechi sita za kwanza alifunga mabao 11, na Portage Lakes wakawa mabingwa.

Huyu ndiye baadaye aliyeitwa "Cyclone", yaani kimbunga. Inasemekana jina lilitoka kinywani mwa Gavana Mkuu wa Kanada, Earl Grey, aliyemwona akiichezea Ottawa. Msimu wa 1909–10 mji mdogo wa Renfrew ulimlipa dola 5,250 kwa takriban miezi miwili ya kazi. Na pesa hizo zilitoka wapi? Mgodini tena. Ukoo wa O'Brien wa Renfrew ulitajirika kwa reli na kwa machimbo ya fedha ya Cobalt, kaskazini mwa Ontario. Kiswahili kina bahati hapa: kwetu fedha ni madini na fedha ni mshahara, kwa hiyo sentensi hii haihitaji maelezo.

Taylor alikuwa na kazi ya pili ambayo vitabu vya michezo huipitia harakaharaka. Alikuwa ofisa wa uhamiaji. Mwaka 1914 meli ya Komagata Maru ilipoingia bandari ya Vancouver ikiwa na abiria 376, wengi wao Masingasinga wa Punjab, raia wa Dola ileile ya Uingereza, Taylor alikuwa miongoni mwa maofisa wa kwanza kuipanda. Meli ilizuiwa miezi miwili majini, kisha ikarudishwa Asia na karibu abiria wote. Kijana aliyenyimwa ruhusa ya kucheza katika jimbo lake mwenyewe akawa mlinzi wa mlango. Alifariki mwaka 1979, mzee wa miaka zaidi ya tisini.

Je, wajua kwamba Wakanada walikwenda kusini kutafuta barafu? Inasikika kama kumpelekea Mpemba karafuu, lakini ni kweli. Mwanzoni mwa karne ya 20 Kanada ilitegemea barafu ya Mungu: baridi ikichelewa ligi inachelewa, jua likichomoza mwezi Machi fainali zinachezwa kwenye madimbwi. Pittsburgh walikuwa na Duquesne Garden, jengo lililokuwa banda la tramu kabla ya kugeuzwa ukumbi, na chini ya sakafu yake kulikuwa na mabomba ya mtambo wa kugandisha maji. Kanuni ni ileile ya uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari jijini Nairobi, ambako watu wameteleza wakati nje kuna jua la Barabara ya Mombasa. Kanada yenyewe haikuwa na uwanja wa namna hiyo mpaka 1911, ndugu wawili wa ukoo wa Patrick walipojenga viwili, Victoria na Vancouver. Kwa hiyo kabla ya hapo mchezaji wa Montreal aliyetaka barafu ya uhakika alipanda treni kuelekea upande wa joto.

Pittsburgh ndiko pia kulikozoea kulipa mapema. Kabla ya ligi ya kimataifa, jiji hilo lilikuwa na ligi yake ya ndani iliyokwishaanza kuwavuta Wakanada kwa pesa. Gibson hakugundua moto. Alikusanya makaa yaliyokuwa yamesambaa akayaweka kwenye jiko moja.

Rudi kwa Hod Stuart, maana habari yake haijaisha na kwa maoni yangu ndiyo kiini cha kila kitu. Alikuwa mkubwa wa mwili, mwepesi wa miguu, na wengi waliomwona walisema hakukuwa na beki bora zaidi yake. Mwezi Desemba 1905 ligi ilimfungia. Kosa? Timu pinzani zililalamika kwamba anacheza kwa ukali mno na kwamba ameshinda mataji mengi mno. Sijawahi kukutana na shitaka la pili katika mchezo mwingine wowote, na nimeshafikiria wachezaji kadhaa wa ligi zetu ambao wangefungwa maisha kwa kigezo hicho. Baada ya wiki chache alifunguliwa, akahamia Pittsburgh.

Ukali wenyewe haukuwa wa Stuart peke yake. Fikiria Houghton na Calumet: umbali wa kilomita 19, watu wanafanya kazi ileile, kamari inachezwa, refa ametoka mahali ambapo upande mmoja unapashuku. Stuart alichoshwa na waamuzi wa ligi na alisema hivyo hadharani. Mwishoni mwa 1906 alifunga mizigo akaenda Montreal, kwa Wanderers.

Na hapo tunaona ufa uliokuja kuiangusha nyumba. Mwezi Novemba 1906 ligi kubwa ya mashariki ya Kanada ilifanya kile ilichokuwa imekikataa kama dhambi: iliruhusu wachezaji wa kulipwa wacheze pamoja na wa ridhaa, kwa sharti kwamba majina ya wanaolipwa yatangazwe magazetini. Hebu liangalie sharti hilo. Kama orodha ya wadaiwa sugu inayobandikwa ukutani! Lakini aliyeitwa kwa jina gazetini alikuwa analipwa nyumbani, karibu na mama yake, akigombea Kombe la Stanley, taji kuu la hoki, ambalo Houghton haikuweza kumpa. Kipa Riley Hern, aliyelinda goli la Portage Lakes, akarudi. Stuart akarudi. Mwezi Machi 1907 wote wawili walikuwa na Wanderers walipolitwaa Kombe hilo.

Stuart hakulifurahia kwa muda mrefu. Tarehe 23 Juni 1907 alikuwa Belleville, Ontario, akifanya kazi ya ujenzi na baba yake. Alikwenda kuogelea na marafiki katika ghuba ya Quinte, akaogelea hadi kwenye mnara wa taa, akapanda jukwaani, akajirusha majini kichwa mbele. Maji yalikuwa ya kina kifupi na chini kulikuwa na mwamba. Alikufa papo hapo, umri miaka 28.

Tarehe 2 Januari 1908 Wanderers walicheza Montreal dhidi ya kikosi cha nyota waliochaguliwa kutoka timu nyingine za ligi. Wanderers walishinda 10 kwa 7. Mapato, zaidi ya dola 2,000, yalipelekwa kwa mjane wa Stuart na watoto wake. Hiyo huhesabiwa kuwa mechi ya kwanza ya nyota katika historia ya hoki. Kila wakubwa wa mchezo huo wanapokusanyika kwa shamrashamra na matangazo ya biashara, mzizi wa sherehe yao ni mchango wa msiba.

Ligi yenyewe ilikuwa inakata roho. Msimu wa 1906–07 ulikamilika, na Soo ya Kanada ikamwibua kijana wa Cornwall ya Ontario aliyeitwa Édouard Lalonde, "Newsy" kwa wenzake kwa kuwa aliwahi kufanya kazi kiwanda cha karatasi za magazeti. Lakini wachezaji wa kiwango chake sasa walikuwa na pa kwenda. Kisha shaba nayo ikasaliti. Mapema mwaka 1907 bei yake ilikuwa juu kuliko ilivyowahi kuwa kwa muda mrefu. Kufikia Oktoba ilikuwa imeporomoka mpaka karibu nusu. Mwezi huohuo walanguzi wa New York walijaribu kuzihodhi hisa za kampuni moja iitwayo United Copper, wakashindwa vibaya, na kushindwa kwao kukawatia watu hofu wakakimbilia benki kutoa akiba zao. Ndiyo ile hofu ya 1907 inayotajwa katika vitabu vya uchumi. Ilianzia kwenye shaba, ingawa si ya Michigan. Msimu wa nne wa ligi ya Houghton haukuanza.

Je, wajua kwamba klabu ya Montreal Canadiens, yenye makombe 24 ya Stanley, ilitokana kwa kiasi fulani na mabaki ya ligi hii? Jack Laviolette na Didier Pitre, wote wasemaji wa Kifaransa, walikuwa wakiichezea Soo ya Marekani. Mwezi Desemba 1909 Ambrose O'Brien, wa ukoo ule wa fedha za Cobalt, alipotaka timu ya wasemaji wa Kifaransa wa Montreal, wazo hilo alilijadili na Jimmy Gardner, mchezaji wa zamani wa Calumet, na kazi ya kuiunda akapewa Laviolette. Mtu wa kwanza kumsajili alikuwa Pitre. Na bao la kwanza la klabu hiyo, tarehe 5 Januari 1910, alilifunga Newsy Lalonde. Hesabu mwenyewe: Calumet, Soo, Soo, Soo.

Wengine walikuwa na mwisho mchungu. Joe Hall, mchezaji mgomvi wa Portage Lakes, aliyeitwa "Bad Joe" ingawa waliomjua nje ya uwanja walimsema kuwa mpole, alifika fainali ya Kombe la Stanley na Canadiens mwaka 1919 jijini Seattle. Homa ya mafua ya mwaka ule iliwaangusha wachezaji mmoja baada ya mwingine, fainali ikavunjwa bila bingwa, na Hall akafia hospitalini siku chache baadaye.

Majengo nayo. Amphidrome iliungua mwaka 1927. Juu ya kiwanja kilekile Houghton wakajenga uwanja mwingine, ambao sasa una jina la Dee, na ndani yake bado panachezwa hoki. Duquesne Garden ilibomolewa mwaka 1956. Migodi ilifungwa mmoja baada ya mwingine, theluji ikabaki.

Ukitaka kupima uzito wa ligi iliyoishi misimu mitatu, ingia Jumba la Heshima la Hoki lililoko Toronto na uhesabu wachezaji waliopita kwenye timu zake tano: Taylor, Hod Stuart na mdogo wake Bruce, Lalonde, Hall, Pitre, Laviolette, Hern, Gardner. Tisa kwa uchache. Hod Stuart aliingizwa katika kundi la kwanza kabisa, mwaka 1945.

Gibson alirudi Kanada, akahamia Calgary, akaendelea kushughulika na meno ya watu hadi uzeeni, akafariki mwaka 1954. Jumba lilimkumbuka mwaka 1976. Robertson, mlinzi wa ridhaa, alikuwa ameingizwa humo tangu 1947. Kwa hiyo aliyeilinda hoki isiguswe na pesa na aliyeilipa mbele ya watu wametundikwa chini ya paa moja, na mlangoni unakata tiketi.